Mita Nane za Pindo

Miaka kumi na mmoja nimeshona Ngara,
kibanda cha pili kutoka kwa muuza vifungo,
na kila Oktoba, kabla ya mvua za vuli,
huniletea sketi za kuchezea:
mita nane za pindo, vioo vidogo kama kucha,
kitambaa kinachoteleza kama mlenda chini ya sindano.
"Fundi, haraka. Navaa kesho usiku."
Nami nilidhani naijua sikukuu yao.
Niliijua kwa chini,
kama umjuavyo jirani kwa viatu vyake mlangoni.

Mwaka juzi figo za Mogaka ziligoma.
Tukafanya harambee. Ndoo ikapita, ikarudi, ikapita tena.
Mtu akatoa jogoo,
na kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe upya.
Ndivyo tulivyofika Ahmedabad, mimi na kaka yangu:
kwa ndoo, kwa jogoo,
na kwa figo yangu ya kushoto.

Sitakudanganya kuhusu jiji.
Niliona dari ya wadi, feni yenye bawa lililopinda,
ng'ombe akivuka barabara bila kuomba njia,
na chai katika kikombe kidogo mno:
nilidhani ni ya kuonja, nikangoja ya kunywa.

Tulipanga chumba kwa Hansaben, nyuma ya hospitali.
Siku ya kumi na mbili baada ya kisu
uani wakatundika taa.
Usiku wa kwanza nilifunga dirisha;
kila pigo la ngoma lilinivuta uzi ubavuni.
Usiku wa tatu Hansaben akagonga.
Hakuwa na Kiswahili, sikuwa na Kigujarati.
Akabeba kiti cha plastiki, akanishika kiwiko.

Katikati, chungu chenye matundu, na taa tumboni mwake.
Wakakizunguka:
karani wa benki, bibi mwenye magoti mabovu,
baba na mtoto aliyelala begani, akizungushwa usingizini.
Langoni alisimama mwanamke wa kufagia, ufagio mkononi.
Hakuna aliyemwambia ondoka.
Hakuna aliyemwambia njoo.
Tulitazamana, yeye na mimi, mara mbili.

Ndipo sketi zikafunguka.
Mia moja, kwa pamoja.
Miaka yote nilizishona zimelala;
sikujua kwamba husimama.
Kumbe mita nane si urembo,
ni hewa ambayo mguu unaihitaji.

Msichana akakanyaga pindo lake, likafumuka.
Fundi hakosi sindano. Nikamwita kwa mkono,
akaweka mguu kwenye kiti changu,
akanimulikia kwa simu.
Daktari alinishona nyuzi kumi na nne;
mimi nilimshona thelathini, na zangu zilinyooka zaidi.
Hatukuulizana jina. Duara lilimfungulia nafasi, likajifunga.

Oktoba hii, Parklands, saa tatu usiku,
nimeleta sketi ya Bi Vaghela hadi ukumbini.
"Mizigo huku," asema Ekiru, mlinzi,
na rungu lake linagonga geti,
kwa mapigo ya ndani, bila yeye kujua.
Bi Vaghela anapokea, anakagua mshono, analipa.
Kisha, akiwa ameshageuka:
"Fundi, si uingie kidogo?"
Miaka kumi na mmoja. Sijui kama ni ukarimu
au ni adabu ya kuagana.

Mlangoni viatu vimerundikana kama soko la Gikomba.
Simu inalia. Ni Mogaka,
ambaye sasa anakojoa kama watu, na hujisifu:
"Uko wapi? Ugali unapoa."
Namwambia nakuja.

Nimesimama, kiatu kimoja mkononi, kimoja mguuni.
Nyuma yangu Ekiru anagonga geti.
Ubavuni, pale penye nafasi, kitu kinahesabu:
mbili, tatu, kofi,
mbili, tatu.